Baba Amekusalimu

7 Februari 2025

Mama mpendwa,

Barua hii inakuja mkononi mwa Jemutai, yule nesi wa Kiplombe niliyekuambia habari zake. Amepata likizo ya wiki tatu. Mpe chai, na unga ukiwepo mpikie chapati, maana huku anaishi kwa mkate wa jana. Haya ninayokuandikia usiniulize kwa simu. Mwenye nyumba ninayofanyia kazi huikagua simu yangu kila wiki, na sidhani anaisoma peke yake.

Uliuliza kama nimepata kanisa. Mama, huku hakuna kanisa. Mgeni anaruhusiwa kuamini anachotaka moyoni mwake, lakini watu wakikutana kuomba bila kibali, hiyo ni kesi, na kibali hakitolewi kwa watu kama sisi. Mwenyeji akikutwa ameketi nasi, huyo ndiye taabani zaidi. Anachukuliwa, na baada ya hapo hata ndugu zake hawamtaji.

Lakini tunakutana. Kila Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, tunapanda kwenye chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani. Tunaingia mmoja mmoja, kila mtu na kitambaa kwapani kama mteja. Tuko saba. Mimi, Jemutai, wafanyakazi watatu wa kutoka pande zetu ambao hawana makaratasi, na wenyeji wawili, kijana na dada yake. Tunaimba bila sauti. Midomo inatembea, viganja vinakaribiana na kuishia hewani. Mara ya kwanza nilishikwa na kicheko, Jemutai akanifinya.

Sasa sicheki. Ijumaa iliyopita, katikati ya wimbo, sote tulisikia besi. Sauti ya mwanamume, ya chini kabisa, inafuata wimbo neno kwa neno. Tuliangaliana, na hakuna aliyekuwa amefungua kinywa. Jemutai anasema ilikuwa cherehani ya huko chini. Duka lilikuwa limefungwa, Mama.

Uliomba majina ili uwaombee mmoja mmoja. Nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, yote sita, na mahali wanapokaa. Sikutaka, lakini nakujua, utanisumbua mpaka Krismasi. Usimsomee mtu yeyote.

Mwanao,
Akello

*

Huruma, Eldoret
3 Machi 2025

Nyathina Akello, mtoto wangu,

Jemutai amefika, amekula chapati sita, na bado ni mwembamba. Nimempenda. Anacheka polepole kama mtu anayeomba ruhusa kwanza, nikamwambia hapa ni Huruma, cheka utakavyo, hata tukipiga ngoma mpaka asubuhi hakuna askari atakayekuja. Jirani atarusha kiatu tu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Hiyo besi imenisimamisha nywele. Unajua ni nani aliyekuwa akiimba besi katika nyumba hii. Lakini tusianze mambo hayo, baba yako ana miaka sita amepumzika, na alikuwa hapendi safari.

Majina yale sita nimeyaweka ndani ya Biblia. Nayataja kila alfajiri kabla sijawasha jiko, jina baada ya jina. Hata yale yanayonishinda ulimi, nayavuta hivyo hivyo. Kazi iko, shule zimefunguliwa na wazazi wanataka sare jana. Mafundi wenzangu wamehamia karibu na soko, mimi nimebaki na kibanda changu.

Sasa nikupe habari njema. Unajua kwetu kila Jumapili tunaandika vikaratasi vya maombi, na katibu ni mimi. Jana moyo ulinijaa nikaandika cha kwako. Usiogope, majina ya wenzako sikuyagusa, mimi si mjinga. Niliandika tu: tumwombee binti yetu Akello Obiero na wenzake sita wanaokutana kwa siri kila Ijumaa juu ya duka la fundi cherehani, katika nchi inayowakataza kuabudu. Pasta akakisoma kwa sauti. Akello, kanisa zima lilisimama! Wanaume walilia. Na kwa vile siku hizi ibada inaenda laivu mtandaoni, watu waliandika amina kutoka nchi nyingi, hata kutoka huko uliko. Nilijisikia kwamba hauko peke yako tena.

Jemutai anakuletea barua hii pamoja na omena kidogo, dagaa wetu wa ziwani. Ule kwa siri, zinanuka.

Mama yako,
Adongo

*

6 Mei 2025

Kwa Mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi ni mzima. Ninatunzwa vizuri. Simu yangu iliharibika, ndiyo sababu sikupiga tangu Machi. Sasa natuma kwa posta.

Ile karatasi ya majina niliyokupa, nakala yangu imepotea. Uliandika kwamba unayo ndani ya Biblia. Naomba uniandikie upya majina yote, kazi ya kila mmoja na mahali anapokaa. Ni kwa ajili ya kuwaombea. Tuma kwa sanduku la posta lililo nyuma ya bahasha. Fanya haraka.

Baba amekusalimu. Tulikutana naye Ijumaa. Alikuwa amevaa ile koti ya buluu. Bado anachonga mawe kwenye majengo, na ndiye anayetuongoza katika maombi. Anasema mgongo haumsumbui tena. Nimewaambia watu wote huku kwamba Nicanor Obiero ni baba yangu.

Mwanao,
Akello

*

(Hii sikuituma. Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha, barua ya Jemutai ikaniwahi kabla sijaenda posta. Naiweka hapa ili nisisahau nilivyokuwa siku ile. Adongo.)

Huruma
26 Mei 2025

Akello mwanangu,

Ni wewe kweli? Mwandiko ni wako, hata ile "k" yako yenye mguu mrefu. Lakini barua imenifanya nikae chini kwenye vitambaa vya watu.

Tangu Machi nakupigia, simu imezimwa. Wakala aliyekupeleka anasema umehama mwajiri, akanifungia mlango. Leo unaniletea salamu za baba yako. Baba yako tulimzika mwaka wa 2019, na ile koti ya buluu nilimvalisha kwa mikono yangu nikaifunga vifungo vyote vitatu. Unaniambia umemwona Ijumaa. Unaniambia mgongo haumsumbui.

Una homa? Wamekunywesha kitu? Au ni ile besi? Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku wa barua yako sikulala, na kulipokucha nilikwenda makaburini Kiplombe kuona kama bado yuko. Mtu mzima, mshonaji wa sare za shule, nasimama kwenye umande kuangalia kama udongo umefunguliwa. Haukufunguliwa. Wenzake wote walikuwapo. Pacha wangu Apiyo, Mzee Kipkirui aliyekuwa shemasi, Mama Chebet wa maziwa, Ondiek dereva wa trekta, na Kipkoech mpishi wa shule. Hao wote nimewashonea nguo zao za mwisho. Nikawauliza kwa sauti, nani kati yenu anasafiri? Mlinzi wa makaburi aliniangalia akapita mbali.

Ninaogopa, Akello. Majina ninayo, lakini kwanza niambie baba yako alikufa lini. Nijibu hilo tu, ndipo nijue naongea na nani.

Mama yako

*

20 Mei 2025

Mama Akello,

Ni Jemutai. Naandika nikiwa nchi nyingine. Barua hii itakufikia kwa mkono wa mtawa anayerudi Kenya, na ukimaliza kuisoma ichome.

Akello alishikwa Ijumaa tarehe 21 Machi, akiwa amewahi kufika kufungua chumba. Sisi wengine tuliona gari tukapita njia zetu. Mwenye duka ametuambia kwamba askari walikuja na simu yenye video ya kanisa lenu. Wakawa wanairudia palepale Pasta anapotaja fundi cherehani na Ijumaa. Walizunguka kwa mafundi wote wa mtaa mpaka wakafika.

Walikuta barua yako kwenye mkoba wake. Wanajua kwamba majina yamo ndani ya Biblia yako. Yeye hajawapa hata moja. Kwa hiyo barua yoyote utakayopata kutoka kwake, kuna mtu amesimama nyuma yake anapoandika, na mkalimani anamsomea.

Nakuomba, Mama. Jina langu limo mle. Mimi nimetoka, lakini watano bado wako ndani ya nchi ile, na wale ndugu wawili wenyeji wakijulikana hatutawaona tena. Usitume. Wala usikae kimya, kwa sababu ukikaa kimya watammalizia hasira Akello.

Sikukasirikii. Chapati zako zilikuwa tamu.

Jemutai

*

Huruma
2 Juni 2025

Binti yangu Jemutai,

Nimekusoma. Nilianguka magotini, lakini maneno ya kuomba hayakuja. Mimi ndiye niliyemfunga mwanangu, kwa kalamu yangu mwenyewe, na nikafurahi watu waliposimama. Ukatibu nimeuacha. Pasta aliniuliza kwa nini, nikamwambia macho yamechoka. Ile video wameifuta, miezi mitatu baadaye.

Ya kwako nimeichoma, nakala nimeishonea ndani ya mto. Barua niliyomwandikia Akello ilikuwa tayari kwenye bahasha. Kwenye ile ya Machi nilisema tu kwamba amepumzika, na mkalimani anaweza asielewe. Hii ningeituma, hao watu wangesoma kwamba Nicanor amekufa, na uongo wa mwanangu ungemrudia kichwani. Sasa namwelewa. Walimkaba awape jina, akawapa la marehemu. Msichana huyu ana akili kuliko mimi.

Basi nitamsaidia. Wanataka majina sita, nitawapa sita. Wote wanakaa Kiplombe, na hakuna askari wa nchi yoyote anayeweza kuwashika.

Adongo

*

Huruma, Eldoret
3 Juni 2025

Mpendwa Akello,

Samahani kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi. Nimefurahi kusikia umekutana na baba yako. Mwambie koti ya buluu asiivae kazini, vumbi la mawe litaiharibu. Mwambie nyumba ni kubwa tangu aondoke, na usiku bado nalala upande wangu, wa kwake nauacha.

Majina nimeyatoa kwenye Biblia kama ulivyoomba. Ni haya. Nicanor Obiero, baba yako, fundi wa mawe, mrefu, ana umri wa kati, anafanya kazi kwenye majengo mapya na hana makaratasi. Apiyo, mama yako mkubwa, anafua nguo za watu. Kipkirui, mlinzi wa lango. Mama Chebet, anatunza watoto. Ondiek, dereva. Kipkoech, mpishi. Mahali wanapolala sijui, wanahamahama, lakini baba yako ndiye anayewakusanya.

Wote uwasalimu. Mwambie Apiyo kwamba bado namwota, na katika ndoto hataki kuongea nami. Mwambie Mzee Kipkirui kiti chake cha shemasi hakuna aliyekikalia. Ni watu wapole hawa, hawana ugomvi na serikali yoyote, na wakiitwa sidhani watachelewa kuja.

Akello, kuna mtu aliyeongea sana kanisani, nawe unamjua. Anajuta mchana na usiku. Anasema akipata nafasi ya kukushika mkono hatatangaza tena jambo lolote, hata msiba. Kula ukipewa chakula.

Mama yako,
Adongo

*

14 Septemba 2025

Mama,

Hii ni mimi, na hakuna mtu nyuma yangu. Niko kwenye nyumba ya masista, nchi ya jirani. Walinisukuma mpakani tarehe 2 bila viatu. Niko hai, nimekonda, jino moja limetoka. Usilie bado, soma kwanza.

Barua yako ilifika Juni. Mkalimani aliisoma na mimi nikauma shavu kwa ndani nisicheke wala kulia. Uliandika vizuri, Mama. Uliandika vizuri kupita kiasi. Wakaacha kunipiga, wakatoka kwenda kuwatafuta. Wiki nzima nilikaa nikiwaza, watafuteni, nendeni mkachimbe.

Kisha mwezi wa nane wakaja wakaniambia, tumempata Nicanor Obiero.

Usiku ule nilisali mara ya kwanza tangu nishikwe, kwa sababu niliamini. Nakuambia kweli, niliamini ni Baba, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuwaogopa wao. Asubuhi nikaanza kuwasikia kwenye korido, wanaita majina ya wafungwa mmoja mmoja. "Nicanor Obiero!" Na sauti ya mwanamume, ya kwetu kabisa, ikajibu, "Mimi si Nicanor." Nikasikia kipigo. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya pili wakiita alikuwa akinyamaza. Wiki ya tatu waliita, na yeye akajibu, "Niko."

Walimleta mbele yangu. Mtu mrefu, fundi wa mawe, mikono ina vumbi ambalo halitoki. Walimwokota kwenye jengo, hana makaratasi, Mkenya. Hakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba si Baba. Pengine hata miaka arobaini hajafika. Wakaniuliza, huyu ni nani? Mama, nilijua nikisema simjui, uongo wote unaanguka, na wataanza upya kutafuta wale watano. Wale ndugu wawili, kama nilivyokuja kuambiwa, walikuwa bado wamefichwa kwenye ghala. Yule mtu aliniangalia. Nilifungua kinywa nikasema, "Baba."

Akafumba macho. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, "Hujambo, mwanangu."

Kwa ajili hiyo niliachiliwa. Walisema nilipotoshwa na mzazi. Nilipopitishwa kwenye korido mlango wake ulikuwa wa nne, na ndani kulikuwa na mtu anavuma wimbo kwa besi. Sikusimama.

Sirudi nyumbani sasa. Watatu wametoka, wale ndugu wawili bado. Nikifungua mdomo kuhusu yeye kabla hawajavuka, nimewaua. Nikinyamaza, namuua yeye. Jina lake silijui.

Akello

*

20 Oktoba 2025

Mke wangu Adongo,

Pokea salamu. Mimi nimekubali kwamba naitwa Nicanor Obiero. Niko salama. Nakula.

Wakubwa wameniambia nikuandikie. Wanataka ueleze wale watano wengine wanakaa wapi, maana mimi nimewaambia sijui na hawaamini. Ukiandika vizuri nitapata blanketi. Huku baridi iko.

Wewe sikukumbuki uso, magonjwa imenisahaulisha, lakini wamenionyesha barua yako na nimeshika maneno. Uliandika unaacha upande wangu wa kitanda. Asante. Hiyo naifikiria.

Kuna kijana tulikuwa tunachonga naye mawe, anaitwa Kipchumba. Mama yake anakaa Kiplombe, nyuma ya posho mili, pale wanaposaga mahindi. Mwambie kijana yake anaomba msamaha hajapiga simu tangu Agosti. Mwambie asiuze ile ng'ombe.

Mume wako,
Nicanor Obiero

*

Huruma, Eldoret
1 Desemba 2025

Kwa wakuu mnaosoma barua za watu kabla hazijawafikia,

Leo naandika kwenu, kwa hiyo mkalimani asipoteze muda kutafuta kilichofichwa.

Ndani ya bahasha hii mna cheti cha kifo. Nicanor Obiero, mume wangu, alikufa tarehe 11 Aprili 2019 hapa Eldoret. Muhuri ni wa serikali. Apiyo amekufa. Kipkirui amekufa. Mama Chebet, Ondiek na Kipkoech, wote wamekufa, na kaburi la kila mmoja naweza kulishika kwa mkono. Niliwaandikia orodha ya marehemu. Mwongo ni mimi, mnijie mimi.

Wale mliokuwa mkiwatafuta hawako tena katika nchi yenu. Wa mwisho walivuka wiki iliyopita. Walikuwa watu sita na binti yangu, wakiimba Ijumaa bila kutoa sauti. Mpaka leo sielewi ni kitu gani mlichokiogopa. Hapa mtaani tunasali kwa makelele na jirani yangu Mwislamu anasali saa zake, tukikutana kisimani tunalalamikia bei ya sukari. Sijaona mbingu ikianguka.

Mtu mliye naye anaitwa Kipchumba. Hakuwahi kupanda kwenye kile chumba, hajui hata duka lenyewe. Mama yake nimemtafuta Kiplombe nikampata, nikamweleza yote, tangu kikaratasi changu mpaka neno la binti yangu. Nilidhani atanipiga. Alikaa akishika barua ya mwanawe kichwa chini, kwa sababu hajui kusoma, kisha akaniuliza kama blanketi alipewa.

Nakala ya cheti nimepeleka Nairobi kwa wanaoshughulikia Wakenya walio nje. Mwulizeni jina lake tena, na safari hii mkubali jibu.

Adongo Obiero, mjane

*

Huruma
12 Januari 2026

Akello mwanangu,

Jibu limekuja, si kwa posta. Nimepigiwa simu kutoka Nairobi, nikaambiwa nichukue kalamu. Nimekuandikia kama walivyonisomea, neno kwa neno.

"Kufuatia cheti kilichopokelewa kutoka kwa mjane, faili ya Nicanor Obiero imefungwa. Nicanor Obiero atarejeshwa kwa familia, ndege ya Alhamisi tarehe 15."

Nikamwambia msichana wa simu, soma tena. Akasoma tena. Nikamwuliza, anarejeshwa vipi? Akasema hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwuliza, jina la Kipchumba halimo? Akasema halimo, Mama, na kwamba kwa upande wao walichotumiwa ni cheti cha kifo na wamekifanyia kazi. Akaanza kuniomba radhi, nikamwonea huruma, nikamshukuru.

Nimepiga simu tano tangu jana. Hakuna anayeweza kuniambia kama yuko kwenye orodha ya abiria au ya mizigo. Nilituma karatasi ile kuwathibitishia kwamba si yeye, Akello. Sikuwaza kwamba wanaweza kuitumia kumfungia faili kama mtu aliyekwisha kufa. Safari hii sikusimamisha kanisa, sikumwambia mtu, nilifanya kila kitu kwa uangalifu, na bado sijui nimefanya nini.

Mama yake Kipchumba yuko hapa tangu jana jioni. Hakulia. Amekunywa uji, amenisaidia kukunja vitambaa. Kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi tumeelekezwa kuna milango miwili, wa watu wanaotoka na masanduku yao, na ule mwingine nyuma, ambako magari ya mizigo huingia na familia hutia sahihi. Hatuwezi kuwa kwenye yote miwili pamoja, na hatutaki afike akose mtu.

Yeye amesema atasimama kwa abiria. Sikubishana naye. Mimi nimesema nitasimama huku nyuma, maana karatasi zina jina la mume wangu, na wakiita Nicanor Obiero lazima awepo mtu wa kuitika.

Mama yako,
Adongo